Kukopa Harusi, Kulipa Matanga



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nizungumze na ndugu zangu wanafunzi, na hasa na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni, juu ya jambo ambalo halitajwi kamwe siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Siku ile twazungumza habari za vyeo, na za magari, na za nani amejenga wapi. Habari za madeni hazisikiki. Walakini wengi wetu tunaosimama pale tukipigiwa makofi twadaiwa, na kimya chetu ndicho kinachowaponza wadogo zetu, maana watupima kwa macho na kutaka kuwa kama sisi.

Maoni yangu ni haya. Mtu mwenye kazi na mshahara haangamizwi na udogo wa mshahara peke yake. Huangamizwa zaidi na deni analolificha. Wala hatatoka katika deni mpaka kwanza alitoe nje, aliandike lote, na kulisoma mbele ya mtu wa nyumbani mwake. Haya sikuyasoma kitabuni wala sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, nami nitayaeleza pamoja na hesabu zake, ili mwenye kutaka kuzikagua azikague.

Mwaka 2017 nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja hapa Jinja, nami nilipokea mkononi shilingi 1,150,000 kila mwezi. Mwezi wa Agosti mwaka ule nilifunga ndoa. Msomaji wa Uganda azijua desturi zetu. Kuna sherehe ya kwenda ukweni, ambayo Waganda huiita kwanjula. Kisha kuna harusi yenyewe. Na kabla ya zote mbili kuna mikutano ya kamati, ambamo rafiki husimama mmoja mmoja na kutaja ahadi zao, na karani akiandika. Ahadi zangu ziliandikwa nyingi, zikalipwa chache. Nami nilikuwa nimekwisha kuagiza mahema, na keki, na magari matatu ya kufanana, kwa sababu niliosoma nao walikuwa waje, na nilitaka wanione. Basi nikaenda benki nikachukua mkopo wa mshahara, shilingi 6,000,000, wa kulipwa kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Kila mwezi nilikatwa shilingi 223,000 kabla sijauona mshahara. Ukizidisha kwa 36 utapata shilingi 8,028,000. Sherehe ilianza saa nane mchana ikaisha saa nne usiku.

Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Nilipokuwa mwanafunzi niliiandika methali hii katika mtihani na kuieleza vizuri, nikapata maksi zote. Sikujua kuwa nitakuja kuisoma mara ya pili. Miezi mitatu baada ya harusi baba mkwe wangu alifariki. Mkwe mpya hawezi kwenda msibani mikono mitupu, ndivyo nilivyofikiri. Benki haikuweza kuniongezea, kwa hiyo nilikwenda kwa mkopeshaji mmoja mjini akanipa shilingi 500,000 siku ile ile. Riba yake ilikuwa asilimia 20. Nikajiambia moyoni kuwa ni sawasawa na benki.

Hapa nawaomba wanafunzi wasimame kidogo, maana kosa hili ni la hesabu na lingeweza kusahihishwa darasani. Asilimia 20 ya benki ilikuwa ya mwaka. Asilimia 20 ya yule bwana ilikuwa ya mwezi. Maana yake, kila mwezi nilimpa shilingi 100,000 ya riba, na deni lenyewe likabaki pale pale. Nililipa hivyo tangu Desemba 2017 hata Januari 2019, miezi 14. Jumla nilimpa shilingi 1,400,000, na mwisho wake nikawa nadaiwa shilingi 500,000 zile zile kama siku ya kwanza.

Tena alichukua kadi yangu ya benki na namba yake ya siri. Kila siku ya mshahara nilimngoja mlangoni pake kama mtoto wa bweni anavyongoja zamu ya chakula. Alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akatoa fedha yangu, akaondoa yake, akanihesabia iliyobaki. Mke wangu aliponiuliza kadi i wapi, nilimwambia imemezwa na mashine. Baadaye nilikuja kujua kuwa Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 juu ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji yamkataza mkopeshaji kushika kadi ya benki ya mtu pamoja na namba yake ya siri, kama inavyomkataza kushika kitambulisho chake cha taifa. Sheria ilikuwapo siku zote zile. Lakini mtu anayeficha deni hawezi kwenda kuuliza sheria yasemaje, maana kuuliza ni kujitangaza.

Deni la tatu lilitoka katika simu. Halina mlango wala mzee wa kukutazama usoni. Wabonyeza tu na fedha yaingia. Nilikopa shilingi 200,000 kwa ada ya asilimia 9 kwa siku 30. Shilingi 18,000 si nyingi, nikasema. Mwezi ulipokwisha nililipa 218,000 asubuhi na jioni nikakopa tena 200,000, kwa kuwa ile niliyolipa ilikuwa ya chakula. Mwenye kufanya hivyo mwaka mzima hulipa ada ya shilingi 216,000, yaani zaidi ya alichokopa, na bado adaiwa. Hali si tofauti kwa jirani zetu. Huko Kenya mkopo wa M-Shwari, ulioanza mwezi wa Novemba 2012, ulikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiuzungusha mwaka mzima ada hiyo yafika asilimia 90. Simwambii mtu kuwa mkopo wa simu ni haramu. Umewasaidia wengi kumpeleka mgonjwa hospitali usiku. Nasema tu kuwa ni mkopo wa siku 30, na anayeutumia mwaka mzima amegeuza mwavuli kuwa nyumba.

Sasa nieleze jinsi siri ilivyofichuka. Mwezi wa Februari 2019, siku ya kufungua shule, mdogo wangu ambaye nilikuwa namsomesha, naye alikuwa akiingia kidato cha tatu, aliondoka nyumbani asubuhi na sanduku lake. Jioni alirudi nalo. Mimi nilikuwa kazini. Alisimama mlangoni akamwambia mke wangu, "Shemeji, nimerudishwa. Kaka hakulipa muhula wa tatu."

Nilipofika niliwakuta wameketi, na sanduku katikati ya nyumba. Hakuna aliyesema neno mpaka kijana alipokwenda kulala. Kisha mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, karo nilikuona ukiihesabu kwa macho yangu. Ilikwenda wapi?" Ilikuwa imekwenda kwa mkopeshaji, na kwa kamati ya harusi ya rafiki mmoja, ambamo nilisimama nikataja ahadi kubwa kuliko ya aliyenitangulia. Nikaanza kueleza kwa maneno mengi. Akafungua sanduku la mdogo wangu, akatoa daftari jipya moja, akanipa na kalamu. Akasema, "Usieleze. Andika."

Niliandika madeni manne. Akatazama, akasema, "Bado." Nikaandika mengine matatu. Orodha ilikuwa hivi: benki, yaliyobaki, kiasi cha shilingi 3,600,000, chama cha akiba na mikopo cha kazini, 700,000, mkopeshaji, 500,000, karo, 380,000, rafiki niliyelala naye bweni moja, 300,000, simu, 200,000, duka la jirani, 140,000. Jumla shilingi 5,820,000, yaani mishahara yangu mitano na zaidi kidogo. Sikuwa nimepata kuyajumlisha hata siku moja. Kila deni nililijua peke yake, nikaliogopa peke yake, na yote pamoja nikayaona kama mlima usio na kilele. Ulipoandikwa mlima ule ulikuwa na tarakimu saba tu.

Nilimtazama mke wangu nikingoja machozi au ukali. Akavuta pumzi akasema, "Kumbe ni madeni? Mimi nilidhani una nyumba ndogo."

Nawaomba wenzangu walio na wake, na walio na waume, wayafikiri maneno hayo. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi nilidhani namkinga mwenzangu asiingiwe na wasiwasi. Kumbe alikuwa amekwisha kuwa nao, tena wasiwasi mkubwa kuliko ukweli wenyewe. Aliona kuwa kuna siri, asijue ni siri gani, akajitafutia jibu. Siri yangu ya fedha ilikuwa karibu kuivunja ndoa ambayo kwa ajili yake nilikopa.

Usiku ule ule tulipanga. Kwanza tulitafuta deni lipi ni ghali, wala hatukutazama lipi ni kubwa. Benki ilikuwa kubwa kuliko yote, lakini riba yake kwa mwezi haikufika asilimia 2. Mkopeshaji alitudai laki tano tu, naye alikuwa akila laki moja kila mwezi. Basi huyo awe wa kwanza. Tuliuza televisheni kubwa na viti vya sebuleni, vitu ambavyo nilivinunua ili wageni wa harusi wakija wavikute. Tulipata shilingi 650,000. Nikampelekea 600,000, pamoja na riba ya mwezi ule, nikarudi na kadi yangu. Tulikaa juu ya mkeka mwaka mzima. Wageni walikuja, wakaketi mkekani, wakala, wakaondoka, wala hakuna aliyekufa.

Kwa habari ya karo, mke wangu alikuwa na akiba yake ya ushonaji, shilingi 180,000. Akaenda mwenyewe shuleni, akalipa hiyo, akaomba muda kwa 200,000 zilizobaki, na mdogo wangu akapokelewa. Aliporudi alinifungulia daftari akasema, "Niandike na mimi. Nakudai." Nikafuta "karo 380,000" nikaandika "karo 200,000. Mama watoto 180,000." Sikupata somo lingine la heshima kubwa kuliko lile.

Kisha tukaandika mwezi. Mshahara wangu 1,150,000 na ushonaji wake kama 250,000, jumla 1,400,000. Kodi ya nyumba 250,000. Chakula 350,000. Nauli 90,000. Maji na umeme 60,000. Benki 223,000. Chama cha kazini 70,000. Karo ya mwaka ule 100,000 kila mwezi. Wazazi na ndugu 50,000. Jumla 1,193,000. Zikabaki 207,000 za kulipa madeni, na hizo ndizo zilizokuwa zikipotea kila mwezi tusijue zapotelea wapi. Bandu bandu huisha gogo. Mwisho wa Februari deni la simu lilikwisha. Machi karo ikatimia. Aprili mwenye duka akapata chake chote. Mei nikamaliza la rafiki yangu. Mwisho wa Juni nilimlipa mdai wa mwisho katika yale madogo, naye ni mke wangu. Ilichukua miezi mitano, na mshahara haukuongezwa hata senti moja.

Nitasema jambo moja juu ya rafiki yule. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nikimwona njiani navuka upande wa pili. Nilipomrudishia fedha yake alisema, "Hizi nilikwisha kuzisahau. Sikusahau kuwa wewe ulikuwa ukinikwepa." Tulilala bweni moja miaka minne, na kwa laki tatu nilitaka kumpoteza.

Najua kuna watakaonipinga, nami nataka kuwajibu.

Wa kwanza atasema: wewe wazungumza kama Mzungu, sisi tuna ndugu, na mtu hawezi kuwaandikia ndugu zake shilingi 50,000 katika daftari na kufunga mlango. Hata mimi niliogopa hivyo. Mwezi wa Aprili mwaka ule baba yangu alinipigia simu akaniambia kuwa binamu yangu aoa, na kwamba ukoo wanitazamia shilingi 300,000. Nilinyamaza, kisha nikamweleza kila kitu: benki, mkopeshaji, kadi, hata viti. Mzee alikaa kimya muda mrefu nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani unazo. Kila nilipokuomba ulinipa siku ile ile, tena ukicheka. Ningejuaje?" Tangu siku ile yeye ndiye anayenitetea mbele ya ukoo. Nasema basi kuwa udugu hauvunjwi na ukweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwadanganya ndugu zangu, kisha nikiwalaumu kuwa waniomba mno.

Wa pili atasema: hakuna maendeleo bila mkopo. Hili ni kweli, nami sikatai. Mwaka 2021 mke wangu alikopa shilingi 450,000 katika kikundi chake cha kuweka na kukopa. Vikundi hivi vimeenea sana katika nchi yetu. Mtindo wake ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991. Wanachama hukutana kila wiki au kila wiki mbili, kila mmoja hununua hisa, na fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali. Riba ya mikopo hurudi sandukuni, na mwisho wa mwaka hugawanywa kwa wanachama wenyewe. Kwa fedha ile alinunua cherehani ya pili, akamwajiri binti mmoja, na baada ya miezi saba cherehani ilikuwa imejilipa yenyewe. Mkopo wa namna hiyo ni mbegu. Mkopo wangu wa harusi ulikuwa ni kula mbegu, tena mbegu ya kuazima. Kabla ya kukopa, mtu na ajiulize swali moja: kitu hiki chaweza kujilipa? Kama hakiwezi, mimi nitakilipa kwa kitu gani, na kwa miezi mingapi?

Wa tatu ndiye ninayemwogopa, maana ana haki. Atasema: mimi mshahara wangu hautoshi hata chakula, daftari lako litaniongezea nini? Ndugu yangu, daftari halitakuongezea kitu. Mtu ambaye mapato yake hayafiki mwisho wa mwezi hata akijinyima, hana kosa la hesabu. Ana shida ya mapato, na dawa yake ni nyingine. Lakini hata yeye namsihi asiende kwa mwenye kushika kadi. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na asilimia 20 kwa mwezi.

Tulipokwisha kulipa madeni madogo hatukurudisha televisheni. Tangu Julai 2019 tuliweka akiba shilingi 150,000 kila mwezi, na tangu Desemba, lile la chama lilipokwisha, tukaongeza 70,000. Hata mwisho wa Machi 2020 tulikuwa na shilingi 1,630,000. Hapana haja ya kuwakumbusha wasomaji mwezi ule. Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Tangu Aprili kampuni ilitulipa nusu mshahara, miezi minne. Benki Kuu ilikuwa imeruhusu mabenki kuwaahirishia wakopaji tangu tarehe 1 Aprili 2020; nami nilikwenda mara moja kuomba, bila haya, kwa maana nilikuwa nimekwisha kujifunza kusema. Wakaniahirishia miezi mitatu. Riba haikulala, lakini sisi tulilala. Mke wangu alishona barakoa, na akiba ikajaza pengo. Mwezi wa Novemba 2020 nililipa kipande cha mwisho cha mkopo wa harusi. Mara nyingi najiuliza: kama ugonjwa ule ungetukuta mwaka mmoja kabla, kadi yangu ikiwa mfukoni mwa mtu mwingine, mdogo wangu angekuwa wapi leo?

Kwa hiyo nina mashauri matatu, nami nayaweka mbele yenu myajadili.

La kwanza ni kwa wanafunzi. Anzeni sasa. Nunua daftari dogo, uandike fedha ya mfukoni uliyopewa, uliyotumia, uliyokopesha na unayodaiwa. Wala usiseme huna fedha. Nalikumbuka bweni vizuri: mtu humkopesha mwenzake pakiti moja ya biskuti kwa sharti la kurudisha mbili siku ya kutembelewa na wazazi. Huyo mwenye kudai mbili kwa moja amekwisha kuwa mkopeshaji wa riba, asilimia 100, naye hajaota ndevu. Na yule anayekubali ndiye mimi wa mwaka 2017.

La pili ni kwa walimu wetu, nami nasema kwa heshima. Somo la riba lafundishwa, nalo ni somo jema. Lakini yafaa kabla mwanafunzi hajaondoka kidato cha nne au cha sita apewe hesabu mbili za kweli: asome hati ya mshahara yenye makato, aseme ni kiasi gani kitafika nyumbani, na alinganishe asilimia 20 ya mwaka na asilimia 20 ya mwezi. Saa moja yatosha. Mimi saa hiyo niliinunua kwa shilingi 1,400,000.

La tatu ni kwa chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Desturi ya kusimamishana na kutangaza ahadi kwa sauti, jina na kiasi, tuiache. Mchango utiwe katika bahasha, na bahasha zote zifanane. Najua mweka hazina atasema makusanyo yatapungua. Huenda ahadi zitapungua. Fedha yenyewe sidhani, maana hata sasa kilichoandikwa si kilicholipwa. Tena siku ya mkutano mkuu, baada ya hotuba ya mgeni wa heshima, apewe nafasi mmoja wetu awaeleze wanafunzi jinsi alivyodaiwa na jinsi alivyolipa. Kama hapana mwingine atakayekubali kuwa wa kwanza, nitasimama mimi.

Mdogo wangu alifanya mtihani wake wa kidato cha nne mwaka 2021, ule ambao ulicheleweshwa na ugonjwa, akafaulu. Lile daftari lililotolewa katika sanduku lake hatukumrudishia, ingawa aliwahi kulidai. Lilikwisha kurasa zamani, nasi tumekwisha kununua mengine. Kila mwisho wa mwezi, watoto wakilala, mmoja wetu husoma na mwingine huandika. Mwezi uliopita tulizidisha matumizi ya chakula kwa shilingi 22,000, tukabishana kidogo ni kosa la nani. Lilikuwa langu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa zamani, Jinja